Kabla hujamwambia fundi "piga windo"

Leo nasema jambo ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda, lakini tutaelewana tu. Msimamo wangu ni huu: kompyuta ya duka iliyogoma kufunguka baada ya kuwekewa dreva, mara nyingi haihitaji kupigwa windo. Inahitaji kuondolewa hiyo dreva, basi. Sisi wenye stesheneri, wenye uwakala, wenye vibanda vya kompyuta moja, tumezoeshwa kulipa hela ili tufutiwe kazi zetu, halafu tunashukuru na soda juu.

Nijitambulishe kidogo kwa wageni wa ukurasa. Duka langu liko Mikumi: stesheneri, kutoa kopi, kuprinti, kuombea watu mambo ya mtandaoni. Kilosa naenda mara kwa mara kwa shughuli za halmashauri na kununua vitu. Shule niliishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza kwa kuzifungua na kuzifunga, na kwa video za usiku bando likiwa nafuu. Kwa hiyo siongei kama mtu wa chuo, naongea kama mtu ambaye mashine ikilala, siku hiyo duka limelala.

Tuanze na hili neno dreva, maana wengi wanalitamka bila kujua ni nini. Hapa Mikumi madereva tunawajua, barabara ya Zambia inapita katikati yetu. Lori linaweza kuwa zima, tenki limejaa, tairi mpya, lakini bila dreva halisogei. Na ukimpandisha mtu asiyelijua lori lenyewe, analitia mtaroni hata stendi hajatoka. Kwenye kompyuta ni vilevile. Kila kifaa kina dreva yake: kioo, sauti, Wi-Fi, diski, printa. Ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuongea na hicho kifaa. Sasa baadhi ya dreva zinakaa ndani kabisa, chumba kimoja na injini. Zikikosea humo, Windows inaamua kuzima kila kitu kwa makusudi, isije ikaharibu vitu vyako. Ndiyo ile skrini ya bluu. (Kwenye Windows 11 za karibuni wameigeuza nyeusi, msishangae.)

Umeona nilichosema? Kwa makusudi, isiharibu vitu vyako. Skrini ya bluu kwa watu wengi inaonekana kama hati ya kifo. Wakati mafaili yako yamelala palepale kwenye diski, mazima, yanasubiri mlango ufunguliwe.

Tatizo linaanzaje? Kwa sisi wa stesheneri linaanza na printa. Umenunua printa iliyotumika, haina sidii, unaandika jina lake Google ukiongeza neno dreva. Kitu cha kwanza kutokea ni tangazo, lina kitufe kikubwa cha kijani. Unapakua. Kumbe ulichopakua wala siyo dreva ya printa, ni programu ya "kuboresha dreva zote". Inapekua mashine dakika mbili halafu inakutisha kwamba dreva zako zaidi ya ishirini zimepitwa na wakati, bonyeza hapa. Unabonyeza. Inabadilisha dreva ya kioo, ya mtandao, ya diski, vitu ambavyo asubuhi vilikuwa vinafanya kazi bila kelele. Inaomba kuzima na kuwasha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Halafu lawama anabeba printa! Dreva ya printa kwenye Windows za kisasa, kwa sehemu kubwa, haikai kile chumba cha injini, kwa hiyo mara chache sana ndiyo itazuia kompyuta kufunguka. Mshukiwa wa kweli mara nyingi ni dreva ya kioo, ya diski au ya mtandao, au antivirasi, kwa sababu na yenyewe inaweka dreva zake ndani kabisa. Mtu anairudisha printa dukani anagombana na muuzaji bure.

Ukitaka dreva ya printa, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, Epson kwa Epson, HP kwa HP, Canon kwa Canon, uandike namba kamili ya modeli iliyobandikwa kwenye mashine. Modeli zinafanana majina. Herufi moja ya mwisho inabadilisha kila kitu.

Na umeme. Nasi tuna bahati mbaya ya kuchekesha: Kidatu hapo chini tuna mtambo wa megawati 204, siku hizi lipo na Bwawa la Nyerere kule Rufiji la megawati 2,115, na bado taa inaweza kuzima ukiwa katikati ya kuweka dreva. Dreva iliyowekwa nusu ni mbaya kuliko dreva isiyowekwa kabisa. Mwenye deskitopu bila UPS, usiweke dreva siku ambayo umeme unacheza. Mwenye laptopu, hakikisha betri imejaa na chaja ipo.

Sasa niwape mfano unaoniuma. Kuna mama mmoja mwenye stesheneri kule Kilosa, ni kama dada kwangu, jina nalihifadhi. Yeye ndiye alikuwa katibu wa kikoba chao, hesabu zote za akina mama zilikuwa kwenye Excel: nani kaweka, nani kakopa, nani karejesha. Miaka miwili ya hesabu. Na madeni ya wateja wake yalikuwa humohumo. Akapata hiyo programu ya kitufe cha kijani, kompyuta ikaanza kuzunguka viduara isifike popote. Akaita fundi. Fundi hakuuliza hata swali moja, hakuuliza "ulifanya nini kabla haijagoma", akachomeka flashi yake, akapiga windo, akafuta diski yote, C na D. Elfu ishirini na tano. Kompyuta ikarudi inang'aa kama mpya. Hesabu za kikoba hazikurudi.

Fikiria alivyokaa kwenye kikao cha Jumamosi. Akina mama thelathini, kila mmoja na kumbukumbu yake ya alichoweka, na daftari la zamani liliishia mwaka mwingine. Wapo waliosema amekula hela. Mpaka leo kuna mmoja hapiti dukani kwake. Hiyo ndiyo bei halisi ya ile windo, elfu ishirini na tano ni chenji tu.

Wakati kile alichohitaji kufanya yule fundi kingemchukua chini ya saa moja. Najua kwa sababu muda si mrefu nilipokea laptopu ya mwalimu wa sekondari, anafundisha njia ya Ulaya (wageni, Ulaya ni kata yetu huku kati ya Mikumi na Kilosa, pasipoti haihitajiki). Ugonjwa uleule: dreva mpya, skrini ya bluu, inajizima, inajiwasha. Humo ndani kuna mitihani ya muhula ya madarasa matatu. Niliingia kwa njia nitakayoieleza, nikatoa mafaili kwanza, nikaiondoa dreva, ikafunguka. Mwalimu hakupoteza hata herufi.

Kama unadhani hii ni mbinu ya kijijini, nikukumbushe Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani inaitwa CrowdStrike, inauza ulinzi wa kompyuta kwa makampuni makubwa. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, ilituma apdeti ndogo kwa wateja wake. Ulinzi wao una dreva inayokaa kwenye kile chumba cha injini, na faili walilotuma lilikuwa na kasoro, dreva ikalisoma, ikaanguka. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliangukia skrini ya bluu. Viwanja vya ndege, benki, hospitali, vituo vya televisheni. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari takribani 7,000 kwa siku chache. Kampuni ililiondoa lile faili baada ya dakika 78 tu, lakini mashine zilizokwishaanguka hazikuweza kupokea marekebisho, zitapokeaje wakati hazifunguki?

Je, walipiga windo kompyuta milioni nane na nusu? Thubutu. Mtu alikaa mbele ya mashine, akaiingiza sefu modi, akafungua folda ya dreva, akafuta faili lile moja, akawasha upya. Mashine moja baada ya nyingine, kwa mikono. Ndiyo dawa iliyotangazwa na kampuni yenyewe. Yaani mabenki ya dunia yalitibiwa kwa dawa ileile ambayo fundi wetu anaiona inampotezea muda kwa mama wa kikoba.

Basi njia yenyewe ni hii. Nitaenda polepole pale penye shida.

Kwanza tofautisha haiwaki na haifunguki. Kama ukibonyeza hakuna taa, hakuna feni, kimya, hiyo ni shida ya umeme au kifaa, makala hii haikuhusu. Ninayoongelea ni ile inayowaka, nembo inatokea, halafu inakwama au inajizima. Chomoa kila kilichochomekwa: printa, skana, modemu, flashi. Flashi iliyosahaulika nyuma ya deskitopu imewahi kunipotezea robo saa ya bure kwenye mashine ya mteja, kumbe ilikuwa inatafuta Windows kwenye flashi ya nyimbo.

Pili, ikitoa skrini ya bluu, ipige picha kwa simu. Usiidharau ile lugha. Kuna msimbo kwa herufi kubwa, na wakati mwingine kuna jina la faili linaloishia na .sys. Hilo jina ndilo mshukiwa. Likiwa nvlddmkm.sys ni dreva ya kioo ya NVIDIA. Likiwa igdkmd64.sys ni ya kioo ya Intel. Ukiliandika Google kwenye simu unajua umkamate nani, badala ya kukamata kijiji kizima.

Wenye Windows 7, na bado mpo wengi, ninyi ni rahisi. Washa huku unagonga F8 mfululizo kabla nembo haijatokea. Inakuja orodha. Jaribu kwanza mstari wa "Last Known Good Configuration", unairudisha mipangilio ya dreva ya mara ya mwisho mashine ilipofunguka vizuri. Ikishindikana, rudi uchague "Safe Mode".

Windows 10 na 11, F8 kwa kawaida haifanyi kazi, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Fanya hivi: washa, ukiona viduara vinaanza kuzunguka, kandamiza kitufe cha kuwashia mpaka izime kabisa. Washa tena, izime tena hivyohivyo. Mara ya tatu iache. Windows ikiona imekwama mara mbili mfululizo inajifungulia yenyewe chumba cha matengenezo. Ukifika hapo bonyeza "Advanced options", kisha "Troubleshoot", kisha tena "Advanced options", kisha "Startup Settings", kisha "Restart". Itajizima na kurudi na orodha yenye namba. Bonyeza 4. Hiyo ndiyo sefu modi.

Usishtuke ikifunguka na sura mbaya, maandishi makubwa, picha ya nyuma hakuna. Ndivyo inavyotakiwa. Imepakia dreva chache za lazima tu, zile nyingine zimeachwa nje. Na hapo umeshapata jibu kubwa bila kulipa mtu: kama imefunguka kwenye sefu modi, basi diski inasomeka na Windows yenyewe ni nzima kwa kiasi kikubwa, mkorofi ni dreva au programu uliyoongeza.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla hujagusa kitu kingine chochote, chomeka flashi na ukopi vitu vyako. Hesabu, madeni, kazi za wateja, picha za pasipoti saizi, vyote. Watu wakishaingia wanakimbilia kutengeneza, hapana, toa mali nje ya nyumba kwanza, kutengeneza paa kutafuata.

Halafu bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua "Device Manager". Tafuta kifaa ulichokibadilishia dreva, mfano kioo kiko chini ya "Display adapters". Bofya kulia, "Properties", nenda "Driver", bonyeza "Roll Back Driver". Hii inairudisha dreva ya zamani iliyokuwa inafanya kazi. Kama maandishi yamefifia hayabonyezeki, maana yake hakuna ya zamani iliyotunzwa, basi chagua "Uninstall device" na uweke tiki kwenye kiboksi cha kufuta na programu ya dreva yenyewe. Bila hiyo tiki, Windows inaweza kuichukua dreva ileile na kuiweka tena. Washa upya. Ikifunguka kawaida, ile programu ya kitufe cha kijani iondoe siku hiyohiyo.

Kama sefu modi nayo imegoma, rudi kwenye kile chumba cha matengenezo kuna "System Restore". Inaipeleka Windows nyuma mpaka tarehe fulani kabla ya tatizo. Programu na dreva zilizowekwa baada ya tarehe hiyo zinaondoka, lakini nyaraka zako haizigusi. Kuna na sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho, "Uninstall Updates", kama tatizo lilikuja baada ya Windows kujiboresha yenyewe usiku.

Ugumu ni kwamba System Restore inahitaji iwe imewashwa tangu zamani, na kwenye mashine nyingi nilizokutana nazo imezimwa. Kwa hiyo kama kompyuta yako leo ni nzima, fanya hili leo: kwenye sehemu ya kutafuta andika "Create a restore point", chagua diski C, bonyeza "Configure", iwashe. Halafu kila unapotaka kuweka dreva, bonyeza "Create" kwanza, ipe jina. Dakika tano hazifiki.

Kuna kitu kimoja kinawakuta wenye laptopu mpyampya kidogo, na hiki wengi hawakijui mpaka siku ya siku. Unaingia chumba cha matengenezo, inakudai namba ndefu yenye tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski. Hata wale wa CrowdStrike iliwatesa sana. Namba hiyo kwa kawaida inatunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptopu mara ya kwanza, unaweza kuingia kwa simu ukaiona. Swali: hiyo akaunti ni ya nani? Wangapi tuliuziwa laptopu tayari imefunguliwa, barua pepe iliyomo ni ya muuzaji au ya fundi? Ufunguo wa nyumba yako uko kwa mtu ambaye pengine amehama hata mji. Angalia leo jina la akaunti kwenye mipangilio. Kama siyo lako, shughulikia wakati mashine bado ni nzima, maana bila zile tarakimu 48 hata fundi bingwa wa Dar hawezi kuyatoa mafaili yako.

Sisemi windo isipigwe kamwe. Diski ikianza kugonga kama saa mbovu, hapo suala ni kubadili diski. Mashine iliyojaa virusi mpaka sefu modi inajifunga yenyewe, piga windo na nitakushauri mwenyewe. Na kuna dreva za diski zikikosewa, sefu modi haifunguki, System Restore haipo, umefika ukutani. Lakini hata hapo ukutani, mafaili yanatoka. Fundi anaweza kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux, Ubuntu kwa mfano, bure kabisa, akayaona mafaili na kuyakopi. Au anachomoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Na hata wakati wa kupiga windo, siyo lazima afute. Akiiweka Windows juu ya ile ya zamani bila kufomati, vitu vya zamani vinahamishiwa kwenye folda la Windows.old. Vikopi mapema, maana baadaye Windows inaweza kulifuta yenyewe. Kufomati ni uamuzi, na uamuzi huo ni wa mwenye mali.

Mafundi wana hoja yao, niiseme kwa haki. Wanasema mteja ana haraka, anataka mashine leo, na kupiga windo muda wake unajulikana, wakati kutafuta dreva mbovu unaweza kukaa nusu siku ukakosa. Kweli. Wanasema pia mteja halipi kwa "nimetafuta", analipa kwa "imepona". Hiyo nayo kweli, na ni kosa letu wateja. Lakini hesabu haiishii windo inapokamilika. Baada ya hapo unaweka printa upya, Office upya, fonti za kadi za harusi upya, programu ya kupiga picha za pasipoti upya. Kama ni msimu wa vijana kuomba mikopo ya HESLB au nafasi kwenye Ajira Portal, foleni iko mlangoni na tarehe ya mwisho haikusubiri. Madereva wa malori wanaotaka kopi za nyaraka wakielekea Tunduma hawasubiri, wanavuka barabara kwa jirani. Hiyo windo ya saa mbili mimi naihesabu siku nzima.

Na ile ya kubeba mashine kwenda Morogoro. Tangu SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 watu wa Kilosa wamepata wepesi, mtu anapakata sipiyu mapajani anaipeleka mjini. Sikatazi. Ila ukiikabidhi kompyuta ya stesheneri umekabidhi nini? Vyeti vya watu. Vitambulisho vya NIDA walivyoskani kwako. Mikataba ya viwanja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na stesheneri haikusamehewa kwa sababu ni ndogo. Mimi kazi za wateja nafuta nikishamaliza, na mteja namwambia aje na flashi yake au abaki nayo kwenye WhatsApp yake. Ukiwa na vichache vya watu, una vichache vya kuogopa.

Swali limekuja sana kuhusu Windows 10, kwamba Microsoft ilisitisha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, je hizi njia zimekufa? Hazijakufa. Mashine inawaka kama kawaida, sefu modi ipo, Device Manager ipo. Kilichosimama ni viraka vya usalama, na hilo ni la kufikiria kama unafanyia miamala humo. Wengi wenu mna zile Dell na HP zilizotumika kutoka Kariakoo, hazikubali Windows 11. Msikubali mtu aje na programu ya "kuziboresha dreva ziwe za Windows 11". Ni kile kitufe cha kijani kimevaa koti jingine.

Siku ikigoma na huwezi mwenyewe, mwite fundi lakini uongee wewe kwanza. Mwambie ulichofanya kabla ya tatizo, usione aibu, daktari naye anaambiwa ulikula nini. Mwambie: shikamoo kaka, au mdogo wangu kama ni kijana, sitaki ufomati, jaribu sefu modi, ikishindikana niokolee mafaili, halafu ndiyo tuongee windo. Mpatane bei ya kuokoa kabla hajachomeka flashi. Mimi nikiwa na duka na mashine siwezi kuigusa, fundi wa kufuta namlipa elfu ishirini, fundi wa kuirudisha ilivyokuwa namlipa elfu arobaini na chai juu, na mama wa Kilosa nilimuuliza angelipa ngapi. Hakutaja bei, alisema tu angeuza friji.